Kupanga vitu kwa makundi ili mwanga ukokotolewe haraka: mwongozo kamili wa radiositi

Chukua ukumbi wa sherehe uliochorwa kwa 3D. Meza 30 za duara, kila meza na viti 8 vya plastiki, taa za tyubu darini, kuta za rangi ya maziwa. Kiti kimoja cha plastiki chenye matundu mgongoni kinaweza kula poligoni 400 (vipande bapa vinavyounganishwa kuunda umbo) bila mchoraji kujiona mbadhirifu. Viti 240 vinakuwa poligoni 96,000. Meza zikichukua 3,000 na jengo lenyewe 1,000, umefika 100,000. Ni ukumbi wa kawaida kabisa, ila kompyuta ikitaka kujua kila poligoni inaipa mwenzake mwanga kiasi gani, inakutana na jozi karibu bilioni 5. Ukitunza kila jozi kwa baiti 16 tu, unahitaji gigabaiti 80 za kumbukumbu kabla mwanga haujaruka hata mara moja.

Mwongozo huu ni wa anayeandika programu ya mwanga mwenyewe, au anayetaka kuelewa kwa nini programu anayoitumia inakwama. Nitafuata njia ya radiositi, yaani kukokotoa mwanga unaoruka kutoka uso hadi uso, ile yenye makundi, kwa sababu hapo ndipo suala la kupanga vitu linaonekana wazi kuliko kwingine.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1984 Goral, Torrance, Greenberg na Battaile wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba mwanga unaoruka kati ya nyuso zisizong'aa unaweza kukokotolewa kama milinganyo inayotegemeana: kila uso unatoa mwanga wake wenyewe pamoja na sehemu ya ule uliopokea kutoka kwa wengine. Mwaka 1991 Hanrahan, Salzman na Aupperle wakaazima mbinu ya wanaokokotoa mvutano wa nyota. Uso mkubwa unagawanywa vipande kwa mfumo wa mti, na vipande vilivyo mbali vinashughulikiwa kwa jumla. Hilo liliokoa sana kuta na sakafu. Halikuokoa viti. Mbinu yao inajua kugawanya kikubwa kwenda chini, haijui kukusanya vidogo kwenda juu, na kipande cha mguu wa kiti tayari ni kidogo kuliko unavyohitaji. Mwaka 1994 Smits, Arvo na Greenberg wakaziba pengo hilo kwa kuruhusu kundi zima la vitu lipokee na kutoa mwanga kama kitu kimoja. Waliripoti kasi iliyopanda kwa takriban mara mia katika mandhari za ukubwa wa wastani, huku usahihi ukibaki wa kulinganishwa. Mtafiti mwingine, Sillion, miaka hiyohiyo, alilitazama kundi kama wingu la ukungu. Tutarudi kwenye ukungu huo.

Mshereheshaji anafanya jambo hilohilo kila Jumamosi: akiwa jukwaani anasalimia "meza ya wakwe", hataji majina manane. Akishuka na kukaa kwenye meza hiyo, hapo salamu ni ya mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Safisha mandhari kwanza

Hii ipite haraka. Hakikisha vipimo vyote viko kwenye mita, si vingine kwenye mita na vingine kwenye inchi. Hakikisha kila uso unaelekea nje, maana uso uliopinduka hupokea mwanga kwa upande usio wake. Ondoa nyuso zilizorudiwa mahali palepale. Na angalia viwango vya uakisi, yaani sehemu ya mwanga ambayo uso unairudisha: ukuta mweupe wa kawaida uko karibu 0.8, na hakuna kitu duniani chenye 1.0. Ukiacha 1.0 kwenye chumba kilichofungwa, hesabu haitatulia kamwe.

Hatua ya 2: Jenga mti wa makundi

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na ndipo wengi wanapopita mbio wakakimbilie fomula.

Anza na vitu vikubwa vya jengo: sakafu, dari, kuta, nguzo. Hivi visiingie kwenye kundi lolote la samani. Vitundike moja kwa moja chini ya mzizi wa mti, yaani kundi la juu kabisa linalobeba mengine yote, na uviache vigawanyike kwa njia ya 1991. Sababu yake ni ya kimaumbile. Ukiiweka sakafu kundi moja na kiti kimoja, kisanduku kinachozunguka kundi hilo kinakuwa na ukubwa wa ukumbi mzima. Kundi lenye ukubwa wa ukumbi haliko mbali na chochote, kwa hiyo halitatumika kama kundi hata mara moja. Programu italifungua kila linapoguswa.

Kisha panga samani kwa jinsi zilivyo kweli. Poligoni 400 ni kiti, viti 8 na meza yao ni seti, seti tano au sita zilizo karibu ni upande mmoja wa ukumbi, na pande hizo ndizo zinazoingia kwenye mzizi. Mpangilio huu kwa kawaida tayari umo kwenye faili la mchoraji, ila ukague kabla ya kuuamini. Programu nyingi za usanifu huhamisha faili kwa kupanga vitu kufuata malighafi: "plastiki nyeupe" kundi moja, "chuma" kundi jingine. Hapo kundi la chuma lina miguu ya meza zote 30, kuanzia mlangoni hadi jukwaani. Kwa mwanga, kundi la namna hiyo ni sawa na kutokuwa na kundi.

Kama faili limevurugika kabisa, jenga mti kwa programu. Njia inayojulikana ni kuamua makundi kwa kulinganisha maeneo ya visanduku, wazo ambalo Goldsmith na Salmon walilitoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufuatilia miale, yaani kufuata kila mwale kuona unagonga nini. Ni njia nzuri, lakini mti uliojengwa kwa ajili ya miale si lazima uwe mzuri kwa mwanga. Mti wa miale unaweza kufunga mguu wa kiti hiki pamoja na mguu wa kiti cha jirani kwa kuwa viko sentimita chache kutoka kwa kimoja hadi kingine, na mwale haujali. Mwanga utajali: viti hivyo viwili vitaonekana vina mabaka yasiyofuata umbo la kiti. Nionavyo mimi, pale ambapo kuna mpangilio wa binadamu unaoeleweka, utumie huo, na programu uiachie kujaza mapengo.

Angalia pia idadi ya watoto kwa kila kundi, yaani vitu au makundi madogo yaliyo moja kwa moja ndani yake. Kundi likifunguliwa ili watoto wake wapeane mwanga wao kwa wao, linazaa jozi kwa mraba wa idadi yao. Kundi "viti vyote" lenye watoto 240 linazaa jozi 28,680 kwa mpigo. Kundi lenye watoto 8 linazaa 28. Kati ya 4 na 10 ni pazuri.

Hatua ya 3: Kila kundi libebe nini

Kwa kila kundi tunza kisanduku chake na tufe linalokizunguka, jumla ya eneo la nyuso zilizomo, mwanga linaoutoa na mwanga linaoupokea. Mwanga linaoutoa usiuweke kama namba moja. Kiti chenye kikalio kinachomulikwa kutoka darini kinarudisha mwanga mwingi kwenda juu na kidogo sana kwenda sakafuni. Tunza angalau namba sita, moja kwa kila upande wa mchemraba. Kwa kila upande, jumlisha nyuso zote za kundi: mng'ao wa uso mara eneo lake mara kosini ya pembe kati ya uso na upande huo, gawanya kwa π. Kosini ikiwa hasi, uso huo haumo kwenye jumla ya upande huo.

Hatua ya 4: Unganisha, na uamue lini pa kufungua

Kiungo ni rekodi kwamba kundi moja linalipa jingine mwanga. Anza na kimoja tu: mzizi kwa mzizi. Halafu acha programu ishuke yenyewe:

unganisha(mtoaji, mpokeaji):
  kama mtoaji na mpokeaji ni kundi lilelile:
    unganisha kila jozi ya watoto wake, na kila mtoto na nafsi yake
  la sivyo, kama kosa(mtoaji, mpokeaji) ni chini ya kikomo:
    weka kiungo
  la sivyo:
    fungua lililo kubwa kati ya mawili, rudia kwa watoto wake

Jani la mti likifikiwa, yaani poligoni yenyewe, ama ligawanywe kama ni kubwa ama kiungo kiwekwe hata kama kosa linazidi kikomo. Weka eneo dogo kabisa la kugawanya, vinginevyo kona ya ukuta itameza muda wako wote. Na kundi lenye uso mmoja tu halina haja ya kujiunganisha na nafsi yake.

Swali ni jinsi ya kukadiria kosa. Chukua umbali kati ya vitovu viwili, toa nusu-kipenyo cha kila tufe: hapo una umbali mfupi kabisa unaowezekana. Ukijumlisha badala ya kutoa, una mrefu kabisa. Umbali mfupi ukiwa sifuri au hasi, makundi yameingiliana na lazima ufungue bila mjadala. La sivyo, mwanga unapungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo tofauti kati ya makadirio ya juu na ya chini inajulikana papo hapo.

Mfano wa namba. Seti ya meza ina nusu-kipenyo cha mita 1.5 na iko mita 12 kutoka sehemu fulani ya ukuta. Umbali unaanzia mita 10.5 hadi 13.5, na makadirio ya juu yanazidi ya chini kwa asilimia 65. Tyubu yenye urefu wa mita 1.2 ikiwa mita 4 kutoka ukutani inacheza kati ya mita 3.4 na 4.6, na tofauti inafika asilimia 83. Ukitazama jometria peke yake, hali hizi mbili zinakaribiana. Lakini tyubu ndiyo inayomulika ukuta, ilhali seti ya meza inaurudishia ukuta mabaki ya mabaki. Asilimia 65 ya kitu kisichoonekana haina maana. Ndiyo maana kipimo cha kosa lazima kizidishwe kwa nguvu ya mwanga unaotolewa, kwa eneo la mpokeaji na kwa uakisi wake, ndipo kilinganishwe na kikomo. Ukifanya hivyo, tyubu inagawanywa vipande na seti ya meza inabaki kundi moja, bila wewe kuandika sharti lolote maalumu la taa.

Hatua ya 5: Pokea kwa pamoja, gawa kwa mmoja mmoja

Mwanga umefika kwenye kundi. Sasa unazipatiaje poligoni 400 haki zake?

Njia ya uvivu ni kugawa sawasawa. Tuone inafanya nini kwenye kiti kimoja. Mwanga unashuka wima kutoka darini, laksi 200 (laksi ni kipimo cha mwanga unaotua juu ya uso) kwenye uso uliolala. Kikalio kinatazama juu, kinastahili laksi 200 zote. Mgongo wa kiti umesimama wima, unastahili sifuri au karibu na hapo. Upande wa chini wa kikalio unatazama sakafu, unastahili sifuri. Ukigawa wastani, umbo lililofungwa lisilo na mabonde, ukichukua wastani wa mielekeo yake yote, hupata robo ya thamani kila mahali: laksi 50 juu, laksi 50 mgongoni, laksi 50 chini. Jumla ya nishati haijapotea hata chembe, na bado picha haifai. Kikalio kimepoteza robo tatu ya mwanga wake na uvungu wa kiti unawaka kama umewekewa taa.

Kwa hiyo kiungo kikifika kwenye kundi, tunza mwanga pamoja na upande ulikotokea. Unaposhusha kwenda kwenye majani, zidisha kwa kosini ya kila poligoni dhidi ya upande huo, hasi zigeuke sifuri. Unaweza kufanya hivyo kwa kila kiungo papo hapo, na gharama yake ni idadi ya majani ya kundi tu, wala si majani ya mtoaji mara majani ya mpokeaji. Ukitaka nafuu zaidi, jumlisha viungo vyote kwenye zile pande sita, ushushe mara moja kwa kila mzunguko. Pande sita zinalainisha kidogo mwanga wa taa kali, kwa hiyo viungo vya taa vishushe kimoja kimoja na vilivyobaki uvijumlishe.

Kosini peke yake haitoshi, na hapa kuna mtego ambao watu huugundua wakishachelewa. Chukua viti 20 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine pembeni mwa ukumbi, kama inavyokuwa kabla ya wageni kufika. Kila kikalio kina takriban mita za mraba 0.16 zinazotazama juu. Vikalio 20 ni mita za mraba 3.2. Lakini ukiutazama mnara huo kutoka darini, unaona umbo la mita za mraba 0.25 tu. Ukimpa kila mmoja mwanga kamili kwa kuwa kosini yake ni nzuri, mnara utanyonya mwanga karibu mara 13 ya ule uliotua juu yake. Umetengeneza nishati kutoka hewani, na itaenda kuruka ukutani.

Dawa ya haraka: kwa kila upande, linganisha jumla ya maeneo ya majani, kila moja mara kosini yake, na eneo la kivuli cha kisanduku kwa upande huo, na jumla ikizidi, punguza kwa uwiano. Nishati inatulia, ila kiti cha juu na cha chini vinapata sawa. Dawa bora ni kurusha miale michache kutoka kwenye majani kuelekea mtoaji, au kupunguza mwanga kadiri jani lilivyozama ndani ya kundi. Kwa minara ya viti mimi ningerusha miale. Kwa kiti kimoja kimoja uwiano unatosha.

Hatua ya 6: Vizuizi

Kati ya makundi mawili kunaweza kuwa na nguzo, watu, maua ya meza kuu. Rusha miale, tuseme 16, kutoka sehemu za kubahatisha za kundi moja hadi jingine, uhesabu mingapi imefika. Mti uleule wa makundi unakuharakishia kazi hii.

Njia ya ukungu ya Sillion ni rahisi zaidi pale kizuizi chenyewe ni kundi la vitu vidogo. Kila kundi linapewa kiwango cha kuzuia mwanga kwa mita: jumla ya eneo la nyuso zake igawanywe kwa mara nne ya ujazo wake. Kiti chenye kisanduku cha mita 0.5 kwa 0.5 kwa 1 kina ujazo wa mita za ujazo 0.25. Kama nyuso zake zina jumla ya mita za mraba 1.5, kiwango ni 1.5 kwa mita. Mwale unaopita nusu mita ndani ya kisanduku hicho unabaki na asilimia 47 ya nguvu yake, na umekamilisha hesabu bila kugusa poligoni hata moja kati ya zile 400.

Ukungu unafanya kazi pale nyuso zilipotawanyika na kutazama kila upande: majani ya mmea, viti vingi, vitabu rafuni. Usiutumie kwa ukuta wa mbao, pazia wala mlango. Pazia likigeuzwa ukungu, linavuja. Na mwale unaotoka kundi hadi kundi jirani yake usiuchukulie kwa ukungu. Shuka kwenye poligoni zenyewe.

Hatua ya 7: Zungusha hadi itulie, kisha pima

Kila mzunguko una kazi tatu: kusanya mwanga kupitia viungo, ushushe hadi kwenye majani, kisha upandishe jumla mpya kutoka kwenye majani hadi kwenye mzizi. Kabla ya kuamini picha yoyote, fanya majaribio mawili.

La kwanza ni la tanuri. Funga ukumbi pande zote, kila uso, viti vikiwemo, utoe mwanga wa 1 na uwe na uakisi wa 0.5. Jibu sahihi ni 2 kila mahali, bila kujali maumbo. Ukipanda hadi uakisi wa 0.8 jibu ni 5, ila uwe na subira: baada ya mizunguko 10 utakuwa kwenye 4.57 tu, na baada ya 20 kwenye 4.95. Ukiona namba inavuka 5 kwenye mnara wa viti, Hatua ya 5 haijakaa sawa. Ukiona pembe ya ukumbi iko chini ya 5 hata hesabu ikishatulia, vizuizi vinahesabiwa mara mbili.

Tanuri haliwezi kukuonyesha lile kosa la kugawa sawasawa, kwa kuwa ndani yake mwanga unatoka pande zote kwa usawa. Kwa hiyo jaribio la pili: zima kila kitu, acha taa moja darini, sakafu na kuta ziwe nyeusi zenye uakisi wa sifuri, na kamera iwe chini ya meza ikitazama juu. Nyuso zinazotazama chini zinatakiwa ziwe na giza karibu totoro. Zikiwaka, unajua pa kwenda.

Picha ikiwa na mipaka inayoonekana mahali makundi yanapokutana, usikimbilie kushusha kikomo cha kosa, maana viungo vitafurika. Acha hesabu ya makundi ilivyo, kisha wakati wa kutoa picha rusha miale kutoka kila pikseli kukusanya mwanga kwa mara ya mwisho. Mipaka mingi inayeyuka hapo.

Ukitumia programu iliyo tayari

Wengi hawataandika haya wenyewe. Cycles, sehemu ya kutoa picha ya programu ya 3D iitwayo Blender, haitumii radiositi, inafuatilia miale, lakini tangu toleo la 3.5 la mwaka 2023 inapanga taa kwenye mti na kuchagua tawi kwa kubahatisha, lenye uzito zaidi likiwa na nafasi kubwa zaidi, kwa kila sehemu inayomulikwa. Wazo la kukusanya taa namna hiyo lilipata nguvu mwaka 2005, Walter na wenzake wa Cornell walipoonyesha njia ya kukata mti wa maelfu ya taa mahali ambapo kosa halizidi asilimia 2 ya mwanga wote, kiwango ambacho jicho halikitambui kirahisi. Huko wanaopangwa ni watoaji tu. Ushauri wa Hatua ya 2 unabaki uleule: usiunganishe tyubu zote za ukumbi kuwa kitu kimoja kikubwa, wala usigeuze kila lulu ya taa ya mapambo kuwa taa ya peke yake.

Na kama mteja ataomba viti visogezwe, ambalo ataliomba, kundi la kiti libaki na mti wake wa ndani kama ulivyo, ubadilishe nafasi tu. Viungo vya kufuta ni vile vinavyogusa kiti hicho na wazazi wake, pamoja na vile ambavyo miale yake ilipita kwenye kisanduku chake, cha zamani au kipya. Vingine vyote viache. Kwenye ukumbi wa viti 240 ndivyo vilivyo vingi.